Gitaa la kuchongesha limeanza kupasuka, kosa la fundi au hali ya hewa?

mtunda_nyuzi:
Wakuu salama? Mwaka jana nilichongesha gitaa kavu (lisilotumia umeme) kwa fundi mmoja huko Tanga, laki nane na nusu, kifua (ubao wa mbele) ni mbao ya spruce ya kuagiza nje, mgongo na mbavu mninga, ubao wa vidole mpingo mtupu. Miezi yote Tanga lilikuwa linalia tamu mpaka majirani wanakuja kukaa barazani. Mwezi wa sita nikahamishiwa kikazi Dodoma, sasa hivi nyuzi zinakwaruza freti (vile vyuma vya shingoni) linatoa zzzz, nikipitisha mkono shingoni ncha za freti zinanichana, na juzi nimeona ufa mwembamba kama unywele chini ya daraja, kile kibao cha kifuani kinachoshika nyuzi. Fundi nikimpigia anasema nimeliangusha, wallahi sijaliangusha. Nidai hela yangu au?

Kigoda:
Pole. Mbao mbichi hiyo, mafundi wetu hawana subira ya kukausha, ulipigwa mkuu.

babu_galatoni:
Kigoda usimhukumu mtu haraka hivyo. Hizo ncha za freti ndo zinasema ukweli: chuma hakisinyai, ubao ndo umesinyaa, freti zimebaki zimechomoza. Na kifua kikikauka kinabonyea chini, daraja linashuka nacho, nyuzi zinalala kwenye freti, ndo hiyo zzzz. Ungelitoa Dodoma kulipeleka Tanga ungeona kinyume chake, tumbo linavimba nyuzi zinapanda juu hadi vidole vinauma. Mgongo haujapasuka kwa sababu mninga ni mbao tulivu, ikishakauka haichezichezi, spruce ya kifua imekatwa nyembamba kama milimita 3 hivi lazima iumie kwanza. Kosa la fundi labda ni moja, kuunganisha gitaa kwenye karakana yenye unyevu wa baharini bila kujali litaishi wapi, ila hata wewe hukumwambia.

Fanya hivi. Legeza nyuzi kidogo, maana zikiwa zimekazwa zinavuta zaidi ya kilo 70 muda wote. Tafuta kile kisanduku cha plastiki cha kuwekea sabuni, kitoboe matundu, weka sponji iliyolowa ukaikamua isidondoshe hata tone, kiweke ndani ya begi karibu na kichwa cha gitaa, kingine kidogo kwenye tundu la kifua, funga zipu. Nunua na kipima unyevu, usikisie. Unataka asilimia 45 hadi 55. Wiki mbili tatu ufa utaanza kujifunga wenyewe, HAPO ndo unampelekea fundi atie gundi na kubandika vibao vidogo kwa ndani. Ukiweka supaglu leo umeziba ufa ukiwa wazi, mvua zikija mbao ikitaka kurudi mahali pake haina pa kurudi. Na mtu asikuguse freti na tupa sasa hivi.

dada_wa_bezi:
Babu kamaliza. Ndo maana wengine tunabaki na la plywood la dukani, sauti ya debe ila halina deko 😂 Naomba kuchomekea swali, mdogo wangu anaenda kusoma Ujerumani anataka kubeba lake la mpingo, si watamkamata airport?

babu_galatoni:
Aende tu. Mpingo na jamii yake yote waliwekwa kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini) Januari 2017, wapiga gitaa dunia nzima wakahangaika na vibali, ila Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zikaachiwa. Asibebe vipande vya mbao, hiyo ni kesi nyingine. Na asilikabidhi kwenye mizigo ya chini, aingie nalo ndani hata kwa kubembeleza.

mtunda_nyuzi:
Asante mzee wangu. Nimekinunua kipimo leo sokoni, nimekiweka chumbani kinasoma 28, nikadhani kibovu nikakirudisha, muuzaji akanitolea kingine nacho 28. Visanduku vya sabuni tayari, nyuzi nimelegeza. Na fundi nimempigia kumuomba radhi, kasema nimletee mwezi wa kumi na mbili nikija likizo, gundi bure ila soda juu yangu.