Dansi na kompyuta jukwaani: nani anamfuata mwenzake?

Mleta mada: Wadau, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Maonyesho mengi ya dansi siku hizi yana picha kubwa zinazotembea nyuma ya mchezaji, na tangazo linasema ni dansi shirikishi ya kompyuta, yaani kompyuta inamjibu mchezaji papo hapo. Kumbe ni video iliyotengenezwa mapema. Mchezaji amekariri sekunde zake, akichelewa kidogo picha inampita. Kuita hiyo shirikishi ni kumdanganya mtazamaji.

Kundi la Chunky Move la Australia lilionyesha njia nyingine mwaka 2006 katika onyesho lao la Glow. Mchezaji mmoja yuko sakafuni, kamera iko juu yake, kompyuta inasoma umbo la mwili wake na projekta inamwaga mwanga papo hapo kulingana na anavyojikunja au kujinyoosha. Hapo mashine inamfuata mtu. Hiyo ndiyo ninayoitetea.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, sikubaliani nawe. Aliyekaa viti vya nyuma atajuaje kama picha imezaliwa sasa hivi au ilirekodiwa? Chukua BIPED, dansi ya mtunzi wa dansi Mmarekani Merce Cunningham, 1999. Mienendo ya wachezaji ilinaswa, ikageuzwa michoro, michoro ikaandaliwa kabla na kuonyeshwa kwenye pazia jepesi mbele ya jukwaa. Haikumjibu mchezaji yeyote, na bado ni kazi kubwa. Sanaa tuipime kwa kinachoonekana, mitambo ni shauri la mafundi.

Mchangiaji wa pili: Mimi ni mcheza dansi, na kero yangu ni nyingine kabisa. Kamera inaona mkono ulioinuliwa. Haioni pumzi, wala uzito unaohama kutoka kisigino kwenda vidoleni. Basi mazoezini unaambiwa, "Panua zaidi, mfumo haukusomi." Unapanua. Mwili unazoea kuichezea kamera, kila kitu kinakuwa kikubwa, na mambo madogo ambayo umeyafanyia kazi miaka yanakufa. Mwanga ukichelewa hata nukta moja, unajikuta umesimama kuusubiri. Sasa hapo nani anamfuata nani? Mleta mada, hiyo Glow yako inaweza kuwa na mtego uleule.

Mleta mada: Kwa mchangiaji wa kwanza: BIPED naiheshimu. Ugomvi wangu ni na tangazo linaloahidi kisichokuwepo.

Wewe mcheza dansi ndiye umenigusa, na naona hoja yako inazidi yangu. Hata mwaka 1965, Cunningham na mtunzi wa muziki John Cage walipoonyesha Variations V huko New York, jukwaa lilikuwa na antena na vihisio vya mwanga (vifaa vinavyotambua mwanga ukibadilika), wachezaji wakipita sauti zinaamka. Lakini wanamuziki walikaa kwenye mitambo na wao ndio walioamua kipi kisikike. Kwa hiyo mwili haukuwa na mamlaka peke yake tangu mwanzo. Ninachodai sasa ni hiki: mtengeneza programu akae mazoezini tangu siku ya kwanza, asiletwe wiki ya mwisho na mfumo uliokwisha kufungwa. Mwili usiposomeka, kibadilishwe kihisio au mahali kilipowekwa, mchezaji asiguswe.

Walio upande wa programu, tusaidieni: mnapokuta mchezaji hasomeki, huwa mnaanza kurekebisha nini?