Mjadala: Je, mwanafunzi wa somo la masuala ya kimataifa apewe alama kwa kuzungumza darasani?

Mtoa mada (mwalimu wa sekondari)

Ndugu wasomaji, kila mwanzo wa mwaka walimu wa somo la masuala ya kimataifa huwagawia wanafunzi mwongozo wa matarajio na taratibu za somo. Mengi yaliyomo hayana ubishi: kuwahi kipindi, kuzima simu, kuwasilisha kazi kwa wakati na kutonakili kazi ya mwingine. Kipo lakini kipengele kimoja ambacho hurithiwa mwaka hadi mwaka bila kuhojiwa, nacho ni kile kinachosema kwamba sehemu ya alama za mwanafunzi itatokana na ushiriki wake katika mijadala. Msimamo wangu ni kwamba kipengele hicho kiondolewe, na alama zitolewe kwa hoja na ushahidi wake, si kwa kufungua mdomo.

Somo hili hugusa vita, uhamiaji, dini, misaada na mipaka ya nchi. Katika darasa lolote anaweza kuwamo mtoto ambaye jamaa zake waliikimbia vita ile ile inayojadiliwa, na mwalimu asijue. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake kwa uhuru katika mambo yanayomhusu. Sioni ni kwa mantiki gani haki hiyo igeuzwe kuwa deni ambalo asipolilipa anakatwa alama.

Tuangalie pia jinsi alama hizo zinavyopatikana. Mwalimu ameshika orodha ya majina, na kila anayezungumza anawekewa alama ya vema. Kengele ikilia, vema zimerundikana mbele ya majina ya wale wale watano. Aliyesema tu kwamba anakubaliana na mwenzake aliyetangulia ana vema moja, sawa na yule aliyeusoma Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 akaeleza kwamba fasili yake humtaja anayekimbia mateso kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au maoni ya kisiasa, lakini haimtaji anayekimbia ukame. Hapo tumepima wepesi wa ulimi, basi.

Ninapendekeza kila mwanafunzi aje kwenye mjadala na karatasi ya nusu ukurasa yenye mambo manne: dai lake, chanzo alichokitegemea, tarehe ya chanzo hicho, na hoja yenye nguvu kuliko zote ya upande asioukubali. Alama zitoke kwenye karatasi hiyo. Mjadala wenyewe ubaki huru.

Mchangiaji wa kwanza (mwalimu wa historia)

Mwalimu mwenzangu, nimekusoma kwa makini na ninapingana nawe. Kujieleza mbele ya watu ni ustadi unaofundishwa kama ustadi mwingine wowote, na mwanafunzi mpole asiposaidiwa kuzungumza akiwa shuleni, sijui atasaidiwa wapi. Sisi sote tunafahamu kwamba jambo lisilo na alama hupuuzwa; ukiufanya mjadala kuwa huru, wale watano uliowataja ndio watakaoutawala kabisa, na waliobaki watakaa wakisubiri kengele.

Isitoshe, yapo mambo ambayo karatasi haiwezi kuyafundisha. Nimewahi kuendesha igizo la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, wajumbe 15, watano kati yao wakiwa wa kudumu wenye kura ya turufu. Mwanafunzi aliyepewa kiti cha kudumu alinyoosha mkono kupinga, na azimio lililoungwa mkono na wajumbe wengine wote likaanguka kwa kura yake peke yake. Darasa lilichachamaa. Wengine walitaka kura irudiwe, wengine wakasema kanuni haiwezekani kuwa hivyo. Maswali waliyoyauliza dakika zile kuhusu nani aliiweka kanuni hiyo na kwa nini haijabadilishwa, mimi nisingeyapata kwa kuwapa zoezi la kuandika.

Na hiyo nusu ukurasa yako, katika zama hizi za akili mnemba, utajuaje nani ameiandika?

Mchangiaji wa pili (mzazi)

Walimu wetu, mimi linanisumbua jambo jingine. Anayetoa alama za mjadala naye ana maoni yake, na watoto huyanusa mapema. Wakishajua mwalimu anaegemea wapi, hujibu kwa kumpendeza. Ujerumani, katika makubaliano ya Beutelsbach ya mwaka 1976, yaani ya wataalamu wa elimu ya siasa, iliwekwa kanuni kwamba mwalimu asimlemee mwanafunzi kwa maoni anayoyataka yeye, na kwamba jambo lenye utata katika jamii lifundishwe kama lenye utata. Sheria ya Elimu ya Uingereza ya mwaka 1996, katika vifungu vya 406 na 407, inakataza kushabikia misimamo ya kisiasa katika ufundishaji na inataka masuala ya kisiasa yawasilishwe kwa uwiano. Ningependa mwongozo wa somo utamke wazi kwamba mwalimu atazisikiliza pande zote na hatatoa msimamo wake.

Mtoa mada anajibu

Nianze na mwalimu wa historia. Mfano wa igizo la Baraza la Usalama umenigusa, lakini naona unaunga mkono upande wangu: wanafunzi wale walizungumza kwa sababu jambo lenyewe liliwachoma. Hakuna aliyekuwa akihesabu vema. Ikiwa tunataka kupima ustadi wa kujieleza, tuupime peke yake, kwa hotuba fupi iliyoandaliwa, katika mada ambayo mwanafunzi ameichagua na tarehe anayoijua. Kuhusu akili mnemba, karatasi iandikwe darasani kwa mkono, kisha mwalimu amwite mwandishi mezani kwake na kumuuliza maswali mawili au matatu juu ya chanzo alichokitaja. Asiyekisoma hujulikana kwenye swali la kwanza.

Mzazi, hofu yako ni ya haki, ila maneno "pande zote" yanahitaji mpaka. Yapo mambo ambayo ushahidi umeshayaamua. Ripoti ya mwaka 2021 ya Jopo la Serikali Mbalimbali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi ilisema pasipo shaka kwamba shughuli za binadamu zimeongeza joto la dunia. Hapo hakuna pande mbili za kupewa muda sawa. Utata uko kwingine: nani apunguze kwanza, nani alipe, na je, taifa ambalo halijafaidi viwanda libebe mzigo sawa na lililotajirika kwavyo? Vivyo hivyo, mwanafunzi anaposema kwamba wakimbizi wengi wa dunia wako katika nchi tajiri, mwalimu hapaswi kulipokea kama maoni. Walio wengi wanahifadhiwa na nchi za kipato cha chini na cha kati, mara nyingi zile zinazopakana na walikotoka. Kulisahihisha hilo si kuegemea upande. Na makubaliano ya Beutelsbach, nionavyo mimi, hayakumtaka mwalimu awe bubu. Yalimkataza kumlemea mwanafunzi. Mwalimu akiulizwa msimamo wake mwishoni mwa mada, wakati karatasi zimekwisha kusahihishwa, sioni ubaya akijibu na kueleza sababu zake.

Mchangiaji wa tatu (mhitimu)

Ninaongeza moja. Mwongozo useme kwamba mwanafunzi anaweza kubadili msimamo katikati ya mjadala bila kupoteza alama. Nilipokuwa nikisoma somo hili tulipangiwa upande, na aliyekiri kwamba wapinzani wamemshawishi alihesabiwa kuwa ameshindwa. Matokeo yake tulijifunza kung'ang'ania.

Mtoa mada

Nakubaliana na mhitimu, na kipengele hicho nitakiandika kama kilivyo. Lililobaki, na ambalo ningeomba wengine walichangie, ni la yule mtoto niliyemtaja mwanzoni: je, mwanafunzi aruhusiwe kuomba mada nyingine bila kulazimika kutaja sababu, au ruhusa hiyo itawapa wavivu mlango wa kukwepa kila mada ngumu?