Naomba ushauri: mfarishi wa viraka kwa nusu saa za usiku

Wadau, nauliza kuhusu hatua ya mwisho. Mfarishi ni wa futi 4 kwa 6, viraka 96 vya vitambaa vya kitenge kutoka Gikomba na Eastleigh, Nairobi. Kila kiraka kimekatwa inchi 6½, mshono robo inchi. Watoto wakishalala nashona vipande viwili vya viraka vinne vinne, na cherehani inaondoka mezani kabla ya chai ya asubuhi. Hapo hakuna shida, bora vitambaa vilowekwe na kukaushwa kwanza, maana kitenge kipya husinyaa na kuchuja rangi. Mshono nao haubahatishwi: kila mshono ukizidi kwa 1/16 ya inchi, safu ya viraka 12 inafupika zaidi ya inchi nzima.

Shida ni kuunganisha uso wa viraka, pamba ya katikati na kitambaa cha chini. Kupiga bandi (mishono mirefu ya muda ya kushikilia tabaka) kuanzia katikati kunataka sakafu wazi kwa siku kadhaa, na nyumba ya vyumba viwili haina sakafu hiyo. Pini nazo, na mtoto anayetambaa, hapana.

Nafikiria kugawa sehemu tatu za futi 4 kwa 2, kila moja ishonwe tabaka zote, kisha ziungwe kwa utepe wa kitambaa. Je, nikate pamba hadi mstari wa mshono ili kiungo kisiwe kinene? Utepe uwe upana gani? Na sindano ya cherehani namba 14 itatosha hapo penye tabaka nyingi, au itavunjika?