Joka langu linakufa mapema mno, naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Naendesha kampeni (hadithi ndefu ya vikao vingi) ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu, toleo la tano, wachezaji watano, wote ngazi ya 7. Adui mkuu ni joka changa la kijani. Nililipenda kwa sababu halikimbilii kupigana: linadanganya, linahonga, na mzee wa kijiji ni kibaraka wake bila wanakijiji kujua.

Shida ni siku ya pambano. Lina uhai 136 na kinga 18, kwenye karatasi linatisha. Lakini wao wanapata zamu tano, lenyewe moja. Wiki iliyopita lilitema sumu mara moja tu, halafu dadu ikagoma kutoa 5 au 6 ili pumzi ya sumu irudi. Raundi ya tatu lilikuwa hoi, ikabidi nilirushe likimbilie msituni. Wachezaji walinuna, na siwalaumu.

Nimejaribu kuliongezea uhai, pambano likawa refu na la kuchosha tu. Nafikiria kulipatia zile hatua za ziada ambazo majoka yaliyokomaa huzitumia mwishoni mwa zamu za wengine, ila naogopa: pumzi yake tayari inaumiza kwa dadu 12 za pande sita, na mganga wetu ana uhai 45.

Kwa kundi kama hili, nilipatie hatua ngapi kwa raundi, au bora nilizungushie vibaraka? Na nyie mnamwonyeshaje adui mkuu mapema bila wachezaji kummaliza hapo hapo?