Ulinganisho: tanga la mwanga, injini ya ioni au roketi ya nyuklia kwa chombo cha kwenda Ceres?

Mtunzi wa Wete

Assalaam alaykum wanajukwaa. Ninaandika hadithi ndefu ya kubuni ya kisayansi ambayo chombo chake kinaondoka kwenye mzingo wa dunia kwenda Ceres, sayari kibete iliyomo katika ukanda wa asteroidi (miamba inayolizunguka jua) baina ya Mirihi na Mshtarii, kikiwa na watu watano na uzito wa tani 50 hivi. Wahusika ninao na kisa ninacho. Kilichonikwamisha ni injini. Filamu nyingi za anga hulikwepa suala hili kwa kumpa nahodha kitufe kimoja, akibonyeza chombo kinatoweka na kuibukia mbele ya sayari nyingine, lakini mimi ninataka msomaji anayefuatilia habari za anga amalize sura ya kwanza bila ya kucheka.

Roketi za kawaida nimeziweka kando, kwa sababu huunguza mafuta yake kwa dakika chache za mwanzo, kisha chombo kinabaki kuelea chenyewe kwa karibu miezi 15 hadi Ceres, na kikifika kinahitaji mafuta mengine ya kupunguza mwendo. Zimebaki njia tatu. Ipo ya tanga linalosukumwa na mwanga wa jua, ambayo Wajapani waliithibitisha mwaka 2010 kwa IKAROS, chombo chenye tanga la mraba la mita 14 kila upande. Ipo injini ya ioni, inayoichaji gesi kwa umeme na kuirusha nyuma, iliyokichukua chombo cha Dawn hadi asteroidi ya Vesta mwaka 2011 na hadi Ceres yenyewe mwaka 2015. Na ipo roketi ya nyuklia, ambayo Wamarekani waliijaribu ardhini huko Nevada katika mradi wa NERVA hadi ulipofungwa mwaka 1973. Moyo wangu uko kwenye tanga. Naomba mnipinge au mniunge mkono kwa hoja.

Nahodha wa Mkoani

Wa alaykum salaam mwanangu. Mimi si mtu wa roketi, lakini tanga ninalijua, na nina swali moja kabla hujaandika. Jahazi haliendi kwa upepo peke yake, linakwenda kwa upepo na maji pamoja: upepo unalisukuma tanga, na maji yanaikamata mashua isiteleze ubavu, ndiyo maana tunaweza kupiga bisho na kuufuata upande unakotoka upepo. Huko juu hakuna maji, na jua liko mahali pamoja siku zote. Kwenda ninakuona utakwenda. Utarudi vipi?

Maalim wa Fizikia, Chake Chake

Mzee Nahodha ameuliza swali ambalo wanafunzi wangu wa skuli huchukua muda mrefu kulifikia. Jibu ni kwamba chombo cha anga hakisimami pahala pamoja kikisubiri kusukumwa, bali tayari kinalizunguka jua. Dunia yenyewe inakwenda kilomita 30 hivi kwa sekunde, na chombo kinachoondoka hapa kinaurithi mwendo huo. Kinachofanya kazi badala ya maji ni mvutano wa jua pamoja na mwendo wa mzunguko. Ukilipinda tanga ili mwanga ukusukume mbele katika njia yako, mwendo unaongezeka na mzingo, yaani njia yako ya kulizunguka jua, unapanuka kuelekea Mirihi na Ceres. Ukilipinda upande wa pili, mwanga unaanza kukupunguzia mwendo, na chombo kilichopungukiwa na mwendo huporomoka polepole kuelekea kwenye jua. Kwa hivyo kurudi kunawezekana, bila ya tone la mafuta. IKAROS ilikuwa na vipande pembezoni mwa tanga ambavyo vilibadilishwa kwa umeme viakisi mwanga zaidi au kidogo, na kwa tofauti hiyo ikajigeuza.

Tatizo la mtunzi liko kwingine, nalo ni hesabu. Katika umbali wetu kutoka kwenye jua, mwanga unaoakisiwa vyema hutoa msukumo wa newtoni 9 (newtoni ni kipimo cha nguvu) kwa kila kilomita ya mraba ya tanga. Nasema kilomita, si mita. Kwa chombo cha tani 50, tukijumuisha na tanga lenyewe, kilomita moja ya mraba inakuongezea mwendo wa mita 15 kwa sekunde kila siku. Ukiendelea mwaka mzima unapata kilomita 5 na nusu kwa sekunde, ambazo si haba hata kidogo, ila mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, na ukifika Ceres umebakiwa na chini ya sehemu moja ya saba ya ule ulioanza nao. Tanga linadhoofika hasa pale unapolihitaji likusaidie kufunga mwendo. Wakati huo watu wako watano wanakula, wanapumua, na wanapigwa na mionzi ya anga kila siku.

Tanga kubwa lililokunjuliwa hivi karibuni ni la chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani, kiitwacho ACS3, kilichorushwa Aprili 2024, nalo lina mita za mraba 80 hivi. Kutoka 80 hadi milioni moja kuna kazi. Huo si msingi wa kuikataa hadithi, kwani hadithi ina ruhusa ya kwenda mbele ya mafundi, lakini ujue unaomba nini.

Mpenzi wa Sinema, Ng'ambo

Nitasema lisilopendwa na Maalim: msomaji hasomi newtoni. Nimetazama filamu za anga tangu zama za kanda za video, na ninayavumilia makosa mengi, pamoja na miripuko inayonguruma mahali ambapo hakuna hewa ya kubeba sauti, lakini kitu nisichokivumilia ni chombo ambacho hakuna kinachotokea ndani yake. Tanga linasukuma leo, linasukuma kesho, linasukuma mwakani. Sura ya tano utaandika nini?

Roketi ya nyuklia inakupa tukio. Kinu cha nyuklia kinapasha haidrojeni moto mkali, gesi inatoka nyuma kwa kasi, na hakuna kinachoungua kwa maana ya kawaida. Kwa kiasi kile kile cha kitu kinachotolewa nyuma, unapata karibu mara mbili ya manufaa ya roketi bora ya mafuta. Injini inawashwa kwa dakika kadhaa, watu wamejifunga vitini, na isipozima kwa wakati au isipowaka walipokaribia kufika, wamekwisha. Hapo pana hadithi. Ila nakiri habari za karibuni hazikunifurahisha, kwa sababu mradi wa DRACO uliotangazwa na Wamarekani mwaka 2023 kwa ajili ya kuijaribu injini ya aina hii angani ulisitishwa mwaka 2025 kabla haujarusha chochote.

Binti Makunduchi

Kaka wa Ng'ambo amesahau kwamba haidrojeni ya kimiminika inatakiwa ihifadhiwe katika baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri. Kuiweka hivyo kwa siku tatu za kwenda mwezini ni jambo moja, na kuiweka kwa mwaka mzima, jua likilipiga tangi, ili uitumie kufunga mwendo Ceres ni jambo jingine kabisa. Atakayeitumia roketi hiyo hadithini ampe mhusika mmoja kazi ya kulinda tangi, na hiyo ndiyo sura ya tano.

Mimi ninaitetea ioni, ambayo imetajwa mwanzoni kisha ikaachwa kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Injini moja ya Dawn ilitoa msukumo wa milinewtoni 90 tu, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya newtoni, kwa kuichaji gesi ya zenoni na kuirusha nyuma kwa umeme. Injini zake, zikiwashwa moja moja, zilifanya kazi kwa jumla ya karibu miaka sita, zikatumia tangi lililoanza na kilo 425 za gesi, na Dawn ikawa chombo cha kwanza kuingia katika mizingo ya magimba mawili tofauti ya angani mbali na dunia. Kwa tani 50 za Ndugu Mtunzi, injini 100 za aina ile zingetoa zile zile newtoni 9 za tanga la kilomita moja ya mraba, kwa gharama ya kilo 28 za zenoni kwa siku, yaani tani 10 kwa mwaka, na umeme wa zaidi ya kilowati 200. Paneli za jua za Dawn zilizotoa kilowati 10 karibu na dunia zilitoa kama moja na robo tu pale Ceres, kwa hiyo chombo chenye watu kitahitaji kinu kidogo cha nyuklia cha kuzalisha umeme, na kinu hicho hakijali umbali wa jua.

Na kuhusu matukio, someni mwisho wa Dawn. Magurudumu yaliyokuwa yakizunguka ndani yake ili kukielekeza chombo yaliharibika moja baada ya jingine, ikabidi kitumie vijiroketi vya hidrazini (mafuta ya kimiminika) kila kilipotaka kugeuka, na hidrazini ilipokwisha mwishoni mwa Oktoba 2018 kikashindwa kuielekeza antena duniani. Injini kuu haikuwa na kosa lolote. Hata lile tanga la ACS3, baada ya kukunjuliwa, boriti yake moja ya kulishikilia ilionekana imepinda kidogo na chombo kikawa kinapinduka-pinduka. Asiyeona kisa hapo sijui anatafuta nini.

Pendekezo langu ni kwamba usichague moja. Shehena haizeeki wala haiumwi na mionzi. Maji, chakula na vifaa vitangulie kwa tanga miaka mitatu au minne kabla, na watu wafuate kwa ioni.

Nahodha wa Mkoani

Bibie amesema. Mzigo tulikuwa tukiupeleka hivyo hivyo, na mwenye haraka akipanda meli.

Mpenzi wa Sinema, Ng'ambo

Watu wanaondoka bila ya kujua kama chakula chao kimefika salama? Hilo ninalikubali. Hiyo ni filamu.

Mtunzi wa Wete

Ninawashukuru nyote, na pendekezo la Binti Makunduchi ninalichukua kama lilivyo: tanga litabeba shehena, watu watakwenda kwa ioni yenye kinu, na roketi ya nyuklia nitaiacha kwa hadithi ya mwandishi mwingine. Boriti iliyopinda nayo nitaichukua.

Limebaki jambo la kituo cha mawasiliano. Nimekiweka Unguja, na sikukizua bure, kwa sababu wakati wa mradi wa Mercury, wa kwanza wa Wamarekani kupeleka watu angani, kisiwa chetu kilikuwa na kituo cha NASA, na mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962 alizungumza na kituo hicho alipopita juu ya eneo letu. Kilifungwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Katika hadithi kinafufuliwa. Ninachotaka kujua ni muda gani habari za kupinda kwa boriti zitachukua kufika Unguja, na kama wasafiri wanaweza kuahirisha safari wakishazipata.

Maalim wa Fizikia, Chake Chake

Habari zitafika haraka kuliko uamuzi. Ishara ya redio kutoka Ceres huchukua baina ya robo saa na zaidi ya nusu saa, kwa kutegemea dunia iko upande gani wa jua, kwa hivyo usiwaandikie mazungumzo ya kujibizana, waandikie barua. Kuahirisha ndiko kugumu. Dunia na Ceres hurudia mkao ule ule kila baada ya miezi 15 na kidogo, na ijapokuwa ioni inavumilia kuondoka nje ya wakati mwafaka kuliko roketi ya kawaida, inalipia kwa zenoni. Watu wako wakisubiri tanga litengenezwe, wanasubiri mwaka na robo, na muda wote huo shehena inaendelea kwenda pembeni ya njia yake. Wakiondoka kwa ratiba, wanaondoka na zenoni ya kuifuata shehena hiyo popote ilipo, na wewe unalazimika kuamua sura ya pili kama tangi lao ni la tani 10 au la tani 20.