Naombeni ushauri: nibaki bondeni au nisaini mkataba?

Habari zenu wakubwa na wenzangu. Nina miaka 25, nilisomea mazingira, na huu ni mwaka wa pili najitolea na kikundi cha wakazi kando ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam. Tunapita nyumba kwa nyumba kuandika maji ya mvua yalifika wapi. Mama mmoja Jangwani alinionyesha mstari wa tope ukutani, juu kidogo ya swichi ya taa. Kitanda chake amekiinua kwa matofali, manne kila mguu.

Sasa kampuni moja ya ushauri imeniita, mkataba wa mwaka mmoja. Posho yangu ya sasa haitoshi hata nauli, na nyumbani wananitegemea.

Kinachonikwamisha ni hiki. Niliwahi kukusanya maoni kwa ajili ya mradi fulani. Wapangaji waliuliza sana fidia yao itakuwaje, maana mara nyingi anayetazamwa ni mwenye nyumba. Wazee wakakumbusha mafuriko ya Desemba 2011, familia zilivyohamishiwa Mabwepande, mbali na riziki zao. Ripoti ilipotoka, swali la wapangaji halikuwemo. Mpaka leo wananiuliza mimi, na sina jibu.

Mliopita njia hii, kijana mgeni kazini anaweza kudai kabla ya kusaini kwamba matokeo yarudishwe kwa wakazi, tena kwa Kiswahili? Kipengele hicho mliandikaje? Na kuna aliyeweza kufanya yote mawili bila kuwatupa watu wake? Natakiwa kujibu Ijumaa.