Azori mwezi Juni: São Miguel peke yake, au Faial, Pico na São Jorge?

mtu_wa_chumbageni

Wakuu, habari za leo. Niko Massachusetts, na Juni mama anakuja kututembelea kutoka Tanga. Nataka nimpeleke Visiwa vya Azori, vile vya Ureno katikati ya Atlantiki, kwa sababu kutoka Boston kuna ndege ya moja kwa moja hadi Ponta Delgada, mji wa kisiwa cha São Miguel, kama saa tano hivi. Visiwa viko tisa, vyote vimetokana na volkano, na sisi tuna wiki moja tu. Njia nilizobaki nazo ni mbili. Ya kwanza, tutulie São Miguel wiki nzima. Ya pili, tuunganishe ndege hadi Faial, tufikie Horta, na Pico na São Jorge tuwe tunavuka kwa boti.

Mama ana miaka 66. Tambarare anatembea bila shida, ngazi na mteremko ndio magoti yanagoma. Mimi nina hamu kubwa ya kupanda mlima Pico. Waliofika naomba mnilinganishie. Nawasilisha.

Bi_Mwanaisha

Kwa ajili ya mama, São Miguel. Ukishakodi gari, karibu kila kitu unakifikia kwa kuendesha: ukingo wa Sete Cidades wenye ziwa la kijani na la buluu yamepakana, Lagoa do Fogo, halafu Furnas. Furnas mpe siku nzima. Ni kijiji ndani ya kreta, maji yanachemka kando ya barabara na mvuke unatoka kwenye nyufa. Kuna wauza mahindi wanaoyachemsha kwa maji hayo hayo ya ardhini, unauziwa gunzi la moto mkononi.

Pale pana bustani ya Terra Nostra, iliyoanzishwa karne ya 18 na mfanyabiashara wa huko huko kwenu Boston, Thomas Hickling. Bwawa lake lina maji ya uvuguvugu yenye chuma, rangi ya chai ya maziwa. Magoti ya mama yatafurahi. Avae nguo nyeusi, kwa sababu nyeupe ikiingia humo haitakati tena.

Jambo moja la chakula. Cozido ndicho chakula maarufu cha Furnas: sufuria inafukiwa kwenye shimo la moto wa ardhini, inaiva kwa takriban saa sita. Ndani yake mna viazi, kabeji na majimbi, lakini pia mna nguruwe na soseji ya damu, vyote sufuria moja. Kama mama hali nguruwe, usimwagizie bila kuuliza kwanza. Samaki wa kuchoma wapo tele, jodari hasa.

kusi_na_kaskazi

Dada Mwanaisha ameeleza vizuri, ila mimi nasimama na Faial. Mtu anayetaka kuelewa volkano hakosi kufika Capelinhos. Tarehe 27 Septemba 1957 bahari ilianza kuchemka karibu na mnara wa taa, upande wa magharibi. Mlipuko uliendelea miezi 13, ukaongeza ardhi mpya, ukafukia nyumba na mashamba kwa majivu. Mnara bado umesimama, ghorofa ya chini imezama kwenye majivu, na makumbusho yamejengwa chini ya ardhi ili mandhari isiharibiwe. Ukisimama pale unakanyaga ardhi inayokaribiana umri na mama yako.

Na wewe uliye Massachusetts hii inakuhusu. Mwaka 1958 Marekani ilipitisha sheria ya kuwapokea waathirika wa Capelinhos, na Kennedy, wakati huo seneta wa jimbo lenu, alikuwa miongoni mwa waliyoisukuma. Wareno wengi wa Fall River na New Bedford wana asili ya visiwa hivi.

Kutoka Horta hadi Madalena, kisiwani Pico, boti ni nusu saa tu. São Jorge ningeiacha safari hii. Uzuri wake uko kwenye zile fajã, vipande vya ardhi tambarare chini ya majabali, na njia bora ya kuzifikia ni kuteremka kwa miguu. Kwa magoti ya mama, hapana.

Mngazija_wa_Marseille

Mie ni mtu wa Ngazija, nikafika Pico nikajiona niko nyumbani. Volkano yetu ya Karthala ina mita 2,361, mlima Pico una mita 2,351. Mita kumi tu! Ardhi ni ile ile ya mawe meusi isiyoshika maji. Ngazija hatuna mto wa kudumu, tunategemea matangi ya mvua, na Karthala ilipolipuka mwaka 2005 majivu yaliyachafua. Pico nao zamani walichimba visima kando ya bahari, maji yenye chumvichumvi kama ya visima vyetu vya pwani.

Tofauti ni kwamba wao waliyakusanya mawe wakajenga kuta fupi, maelfu ya viboma, na ndani ya kila kiboma mizabibu michache, ikingwe na upepo na chumvi. UNESCO iliyaorodhesha mashamba hayo mwaka 2004. Mpitishe mama kwa gari njia ya Criação Velha, ni tambarare, bahari upande mmoja na mlima upande wa pili.

daktari_wa_viatu

Nazungumzia kupanda Pico tu. Unaanzia Casa da Montanha, kama mita 1,200, unajiandikisha na kupewa kifaa cha kufuatilia ulipo. Idadi ya watu mlimani kwa wakati mmoja ina kikomo, hivyo Juni weka nafasi mapema. Njia ina vigingi vyenye namba, na kwenda na kurudi ni saa saba au nane. Kushuka ndiko kugumu, mawe yanateleza kukiwa na ukungu. Mama akae Madalena na kitabu chake.

Bi_Mwanaisha

Na suala la viza, maana hakuna aliyeligusa. Azori ni Ureno, yaani Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza ya Marekani haitamsaidia mama. Aombe ya Schengen akiwa bado Tanzania, kwa kuwa kawaida mtu huomba anakoishi, na ahakikishe ya Marekani inamruhusu kuingia zaidi ya mara moja.

mtu_wa_chumbageni

Ahsanteni sana, hilo la viza sikulifikiria kabisa. Naona nigawe wiki: kwanza Faial na Pico, kisha tumalizie São Miguel. São Jorge naiacha. Je, hali ya hewa? Na nyangumi Juni wapo?

kusi_na_kaskazi

Kuanza na Faial ni sahihi, maana ndege za kati ya visiwa hukwama kwa ukungu, na mwishoni utakuwa tayari uko Ponta Delgada ilipo ndege yenu ya Boston. Mchana tegemea nyuzi 20 hivi, mvua na jua siku moja. Bahari ni baridi kwa mtu wa Tanga. Haidrenjia ndiyo kwanza zinaanza kuchanua, Julai ndipo Faial inageuka buluu.

Nyangumi wapo. Nyangumi wakubwa wa buluu hupita majira ya kuchipua, mwanzoni mwa Juni unaweza kuwawahi wa mwisho, na wale wa kichwa kikubwa, cachalote, wapo kiangazi chote. Juu ya majabali wanakaa watazamaji wenye darubini wakiwaelekeza manahodha kwa redio. Enzi za uwindaji, hadi miaka ya 1980, kazi yao ilikuwa kuwaonyesha wawindaji. Chagua boti kubwa yenye viti, si ya mpira, ile ya mpira inarusha sana mgongo.

daktari_wa_viatu

Siku ya kupanda usiifunge mapema mno. Ukifika Horta tazama kila asubuhi kamera za SpotAzores, zinazoonyesha mtandaoni hali ya visiwa ilivyo. Kilele kikiwa wazi na nafasi ipo, vuka siku hiyo hiyo, nyangumi wahamie kesho yake.